"Si" Iliyopotea Njiani

Mdogo wangu alisema wasikate, mimi nikasikia wakate. Nikamjibu, "Sawa mdogo wangu, umeamua vizuri." Mpaka leo nikiisimulia siku ile siwezi kukaa kitako. Naamka, nachungulia dirishani, narudi, naamka tena. Mjukuu wangu anayeandika haya ananiambia, "Bibi, tulia basi, hujamaliza sentensi." Sentensi ataimaliza yeye, ndiye aliyesoma. Mimi shule niliipita kwa nje, na jembe begani.

Mdogo wangu huyo tunafuatana tumbo moja. Mimi niliolewa nikaja Mpanda mjini, nipo hapa Shanwe kwenye mji wangu wenye vyumba sita vya wapangaji. Yeye alibaki kwetu Mpimbwe na majaruba yake ya mpunga. Tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa naiga watu. Katekista, mama yetu, mpaka mbuzi wa jirani. Watu wanacheka wanashika mbavu, yeye hacheki. Anakaa ananitazama mdomo, nikimaliza anasema, "Katekista hasemi hivyo. Anavuta pumzi kwanza." Na kweli anavuta. Basi nikitaka kujua kama mtu nimempata sawasawa, namuigiza mbele yake.

Ana sukari. Alijikata kidole cha mguu na jembe, kidonda kidogo tu, akakifunga kitambaa akaingia nacho majarubani. Kidole kikawa cheusi. Cha pili kikafuata. Mwanawe, anayeuza spea za pikipiki, akambeba mpaka hospitali kubwa ya mbali, safari ya kutwa nzima. Huko daktari akaangalia, akasema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe mapema kabla sumu haijapanda.

Mwanawe huyo anaongea kama redio. Alinipata kwenye simu ya mjukuu wangu: "Mama mkubwa, hali tete. Dokta kakaza, mguu uondoke fasta, mama naye kagoma. Hapa nimevurugwa." Nikamwambia niwekee huyo daktari. Akaja daktari, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Mama, shikamoo. Tunaomba ushirikiano wako. Tunaomba umshauri mgonjwa." Hawa watu kila kitu wanaomba. Hata mguu wa mtu wanauomba kama chumvi.

Mdogo wangu hakutaka kusema na yeyote. Wakimuuliza anafumba macho. Kitu alichosema ni kimoja: "Nitamwambia dada yangu. Atakachowaambia yeye ndicho hicho hicho. Na nimuone uso."

Simu ya kawaida haishiki mle wodini, kuta zile nene. Inayoshika ni intaneti ya pale hospitalini. Kwa hiyo ikawa simu ya picha, mimi huku, yeye kule, tuonane.

Intaneti tunayo. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, alisomea mambo ya kompyuta chuoni, akarudi akapanda mwenyewe juu ya bati akafunga kidude cheupe kinachonasa mtandao. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, akaweka kisanduku chenye taa za kijani, wao wanakiita ruta. Mimi nikakifunika kitambaa cha kufuma, kipendeze. Akakitoa. Nikakirudisha. "Bibi, kinapata joto!" Mimi nilijua kina baridi, kinatetemesha taa vile. Mji mzima unakula hapo, vyumba vyote sita, na majirani wawili wanaojua neno la siri kuliko mimi mwenye nyumba.

Simu yangu ilikuwa imekaa kwa fundi siku nne, kioo kilipasuka. Ikarudi asubuhi ile ile. Nikaiwasha, ikalia kama kuku aliyekanyagwa, tii, tii, tii, haikomi. Nikaiacha ilie mpaka ichoke, saa tatu mjukuu akanipigia kule wodini kwa simu yake.

Mdogo wangu akatokea kwenye kioo. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Simu ya mwanawe wameiegemeza kwenye chupa ya chai. Kwanza akamfukuza mwenye simu: "Toka nje. Naongea na dada yangu." Nikasikia kandambili zinaondoka.

Ndipo akaanza kusema, na mambo yakaharibika. Uso ukaganda, mdomo uko wazi. Ukarudi, ukaruka, ukaganda tena jicho moja limefumba. Sauti ilikuja kama ya mtu anayeongea huku anapigwa mgongoni: "Dada… nimefikiri… wa… kate… mguu… mama…" Halafu kimya. Halafu "…umenisikia?" Hiyo ilikuja nzima, safi kabisa.

Ningeuliza mara ya pili. Sikuuliza. Neno lile nilikuwa nalitaka toka jana yake, nimelala nalo, nimeamka nalo, na neno unalolitaka likitokea huliulizi limetoka wapi. Nikasema ile sawa yangu. Yeye akanisikia vizuri, maana nilimuona anashusha mabega.

Nikamwambia mwanawe, "Amekubali. Amesema wakate." Akashukuru mpaka akalia. Mimi nikaenda kuchambua mchicha.

Saa saba simu ikalia tena kwa mjukuu. Mwanawe huyo, lakini redio imezimwa. "Mama mkubwa. Umemwambia nini mama?"

"Sijamwambia. Kaniambia yeye."

"Nesi kaleta fomu, kamwambia asile kitu mpaka kesho. Mama kaichana. Kasema, nilimwambia dada wasikate, akaniambia nimeamua vizuri, kumbe ameniuza. Kageukia ukutani. Hata maji hataki." Akavuta kamasi. "Dokta kasema kesho asubuhi ndio mwisho, mama mkubwa. Ikipita hapo ni juu ya goti. Au tusiongelee mguu tena, tuongelee mengine."

Mchicha niliuacha pale pale. Wasikate, wakate. Tofauti yake ni "si" moja, kitu hata meno hayaigusi vizuri, upepo tu. Umetoka kinywani kwa mdogo wangu, haukufika Shanwe. Ulikwenda wapi?

Nilijua wa kumshika. Nilianza na chumba cha kwanza, yule wa bodaboda, siku hiyo pikipiki yake mbovu, amelala kifudifudi anaangalia mpira. Nikamwambia zima. "Aaah bibi, haya marudio tu, marudio hayali mtandao." Marudio hayali! Chumba cha pili mama mmoja mzaliwa wa Katumba, kwao Kirundi, mstaarabu sana: "Bibi, mimi naangaria mahubiri tu. Niyazime mahubiri?" Nikamuiga, nikamwambia Mungu anasikia hata bira intaneti. Akacheka, lakini akazima. Chumba cha tatu mwalimu wa sekondari, yeye alifungua mlango nusu, amevaa shati na tai juu, chini kaptula: "Bibi, kwa kweli, kwa heshima na taadhima, niko kwenye kikao." Nikamwambia kikao gani hakina suruali.

Nilipiga kelele uani mpaka majirani wakachungulia. "Nyie mmekula 'si' ya mdogo wangu! Kila mtu azime!" Wa bodaboda akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akaniiga mimi: "Zimeni! Zimeni nyie! Mji wangu huu!" Kanipata vizuri, mshenzi yule, hata lile jino langu lililotoka alilipatia. Siku nyingine ningemlipa. Siku ile niliingia ndani nikatoka, nikaingia nikatoka.

Mjukuu wangu alikuwa kwenye kompyuta yake. "Bibi, njoo ukae."

"Sikai."

"Basi simama hapa uone. Hii ni orodha ya kila simu iliyokuwa inavuta mtandao asubuhi. Huyu wa bodaboda, kidogo. Mahubiri, kidogo. Mwalimu, kidogo. Sasa huyu hapa juu, aliyekuwa anavuta kuliko wengine wote ukiwajumlisha."

"Nani huyo? Mtaje nimfukuze leo leo."

"Ni simu yako, bibi."

Nikamwambia kompyuta yako ina malaria. Akaichukua simu yangu mezani, akanifungulia. Siku zile nne ilipokuwa kwa fundi, makundi yangu yote, kwaya, ukoo, wanawake wa jumuiya, walikuwa wanatuma video. Nilipoiwasha zikashuka zote kwa pamoja, zenyewe, bila mimi kugusa. Na video zenyewe nyingi ni za nani? Ni mimi. Wajukuu wananirekodi naiga watu, wanatumiana, wanarudisha kwenye kundi, mwingine anairudisha tena. Mimi namuiga mwenyekiti wa mtaa. Mimi namuiga nesi wa kliniki. Nimejipanga mlangoni mwa mtandao mara arobaini, mdogo wangu yuko nyuma yangu na kaneno kake.

Hapo nikakaa. Nikainuka tena papo hapo.

"Nieleze," nikamwambia. "Lakini usiniongeleshe kama kule chuoni."

Mjukuu wangu akianza kueleza anakuwa na sauti ya pua, mikono anaitandaza kama anapima kitambaa. "Bibi, sauti haisafiri nzima. Inakatwakatwa vipande."

"Na yenyewe inakatwa!"

"Inakatwa. Kila kipande kinaitwa pakiti."

"Kama ya biskuti."

"Kama ya biskuti, na juu imeandikwa imetoka wapi na inakwenda kwa nani. Sasa pakiti zote, za mpira, za mahubiri, za sauti, zinafika kwenye mlango mmoja mwembamba. Zinapanga foleni. Foleni ikijaa, pakiti inayokuja inatupwa."

"Inatupwa wapi?"

"Hakuna mahali. Haipo tena."

"Na za mpira hazitupwi?"

"Zinatupwa. Lakini za mpira zikitupwa zinaombwa upya, zinaletwa tena, mwenye kuangalia anasubiri kidogo tu. Sauti haisubiri. Pakiti ya sauti hata isipotupwa, ikichelewa foleni, inaachwa, maana neno linalofuata limeshapita. Ile 'si' ilitupwa au ilichelewa. Yote sawa." Akafikiria, akasema, "Labda niongeze ukubwa wa foleni. Kisanduku kishike pakiti nyingi zaidi, zisitupwe."

Nikamwambia, usithubutu.

Sasa mambo ya foleni mimi usinifundishe. Miaka mingi, kabla maji hayajaingia majumbani huku, mimi ndiye niliyekuwa nasimamia bomba la mtaa. Nilikuwa na ufunguo wa koki shingoni kama rozari. Watu hawasimami wenyewe, wanasimamisha madumu. Unakuta saa kumi na mbili asubuhi hakuna mtu, kuna mstari wa madumu matupu, mengine yamewekewa jiwe juu upepo usiyapeperushe, na kila moja lina alama ya mwenyewe, kitambaa chekundu, kamba, jina. Wenyewe wako majumbani kwao wanasonga uji. Dumu ndilo linalosubiri.

Mwenyekiti wa mtaa wakati huo, kifua mbele, anaongea kama anahutubia uwanja hata mkiwa wawili: "Wananchi! Kero ya foleni ninaimaliza leo!" Madumu yalikuwa yanajaa mpaka barabarani, yanayozidi yanapigwa teke na baiskeli. Akafyekesha uwanja wote wa pembeni, tukapata nafasi ya kupanga madumu mia. Watu wakafurahi, wakaleta madumu mia. Maji ni yale yale, unene wa kidole gumba. Mama aliyekuja asubuhi kuchukua maji ya uji wa mtoto, akayapata saa nane mchana. Hakuna dumu lililopigwa teke, hakuna lililopotea, kila mtu amepata maji yake na yote yamechelewa. Huo ndio uwanja mpana.

Nilipomwambia hivyo, mjukuu akaacha kutandaza mikono. "Bibi, hicho walitufundisha muhula mzima."

"Mimi nilifundishwa na mama mwenye mtoto analia."

"Halafu ulifanyaje?"

"Nilimrudisha kila mtu kwenye dumu moja moja. Kulikuwa na mzee wa mkokoteni, anakuja na madumu kumi na tano, anajaza yote, wengine wanaota mvi. Nikamwambia, jaza moja, zunguka nyuma. Anajaza moja, mama mwenye ndoo anajaza yake, kijana anajaza yake, zamu inarudi kwa mzee. Alinitukana Kinyamwezi, nikamjibu Kipimbwe, hakuna aliyeelewa, tukaendelea. Na mwenye kidumu cha lita tatu cha mgonjwa, huyo hapangi. Anakuja mbele, anakinga, anaondoka."

"Ndivyo ninavyotaka kufanya," akasema, tayari anabonyeza. "Sauti nitaipa njia yake, ipite mbele ya kila kitu. Pakiti za sauti ni ndogo, kama hicho kidumu. Mpira na mahubiri na video zako zichukue zamu, moja moja."

"Ila angalia. Mimi nilipotangaza mambo ya mgonjwa, wiki iliyofuata mtaa wote ukaugua. Kila mtu ana kidumu cha lita tatu, wagonjwa wakawa wengi kuliko wazima. Ikabidi nihesabu, vidumu vinne, halafu foleni itembee."

Akacheka. "Nitaweka kikomo. Na bibi, kuna kitu kingine, usinicheke. Huko chuoni kinaitwa ndoo inayovuja."

"Muongo wewe."

"Haki ya Mungu. Unamimina unavyotaka, kwa fujo, lakini chini inatoka kwa kipimo kile kile. Nafanya mlango wetu uwe mwembamba kidogo kuliko ulivyo. Tukipokea polepole, anayetutumia kule juu anaona hawa wanapokea polepole, na yeye anapunguza. Hapo foleni haijai kule nisikoweza kufika."

Watu wamekwenda shule mpaka chuo, wamekuta ndoo mbovu. Nilimpigia makofi kichwani, taratibu. Halafu nikamuuliza kilichokuwa kinanila: "Na kule hospitalini? Foleni ya kule unaipanga?"

"Kule siwezi, bibi. Kule si kwangu. Huku nitapanga, kule ni bahati." Akageukia kompyuta. "Kitu kinachoweza kusaidia ni kuondoa picha. Picha ndiyo mkokoteni. Tukibaki na sauti peke yake, hata mlango wa kule ukiwa na watu wengi, inaweza kupenya."

Nilikataa. Mdogo wangu alisema anione uso. Na mimi pia nilitaka nimuone mdomo, maana huwa namjua mtu kwa mdomo. Nikatoka mpaka kwenye kichanja cha vyombo, nikapanga sahani zilizokuwa zimeshapangwa. Nikarudi. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika mlango wa jiko, saa kumi. Kesho asubuhi ilikuwa inakuja tu, haipangi foleni popote.

"Toa picha," nikasema.

Mjukuu akampigia baba yake mdogo kule, ile sauti ya pua imekwisha, anaongea kama askari: "Baba mdogo, zima kila kitu kwenye simu yako. Video, makundi, muziki, kila kitu. Picha usiwashe. Mpe bibi mdogo sikioni, wewe toka."

"Poa, mwanangu. Ila hataongea. Toka saa saba ni ukuta tu."

"Mpe."

Nikasikia shuka linaburuzwa. Nikasikia kitanda cha jirani yake, mtu anakohoa. Nilisikia mpaka kijiko kinagonga kikombe mahali fulani, mbali. Mtandao ulikuwa mweupe kabisa. Nilisikia pumzi yake tu, ndani, nje.

Nikaanza ninachokijua. Nikamuwekea daktari: "Mama, shikamoo, tunaomba ushirikiano wako, tunaomba mguu, tunaomba na chumvi." Nikamuwekea mwanawe: "Mama mkubwa, hali tete, nimevurugwa." Nikavuta pumzi nimuweke mama yetu, maana mama huyo nikimtoa hata mawe yanageuka.

"Acha," akasema.

Neno zima, a na cha.

"Leo usimuige mtu. Sema wewe."

Mnajua, mimi nimeongea maisha yangu yote, lakini nikiambiwa sema wewe, natafuta huyo wewe simuoni. Mjukuu ananitazama. Uani wote wamesimama, wa bodaboda, mama wa Katumba, mwalimu sasa amevaa suruali, simu zao wamezishika mkononi zimezimwa.

Nikasema, "Mdogo wangu, nilisikia wakate. Ile 'si' haikufika. Ilikwama kwenye uchafu wa simu yangu mwenyewe. Na nilikuwa nataka kusikia wakate, ndiyo maana sikukuuliza. Naogopa utakufa. Basi."

Nikasikia kitanda kinalia, anageuka kutoka ukutani.

"Hukusikia na la mguu?"

"Nilisikia mguu, nikasikia mama. Katikati sikusikia."

"Ah." Akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha hasira. "Basi hukusikia kitu. Mimi nilisema hivi. Wasikate mpaka waniambie mguu wangu unakwenda wapi. Mama wa kitanda cha tatu wamemkata. Nikamuuliza nesi, mguu wake uko wapi? Akasema kuna tanuru huko nyuma, wanachoma na sindano na pamba chafu. Dada, huu mguu umenibeba miaka yote hii. Umenipeleka kisimani, umenipeleka jaruba, umenipeleka kanisani. Haujafanya kosa lolote uchomwe kama takataka. Nataka ukalale Mpimbwe kwa mama. Nikasema, wakinijibu hilo, wakate. Wakinikatalia, wasikate, niondoke na miguu yote miwili."

Maneno yote hayo yalifika. Sikupoteza hata moja. Mwanawe hajui, daktari hajui, kila mtu alidhani anaogopa kisu.

"Usikate simu," nikamwambia, nikaogopa hata hilo neno lenyewe. Mjukuu akachukua simu yangu, akatoka nayo ukumbini kumtafuta baba mdogo kwenye simu yake ya pili, ya kitochi, naye alikuwa kwenye korido nje, inakoshika. Sisi wawili tukabaki hewani. Nilikuwa natembea, dirishani, kabatini, dirishani, na simu sikioni, nasikia anapumua. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko foleni yoyote niliyowahi kusimamia, maana hapa dumu nililoliweka ni mimi.

Mjukuu akarudi mbio. Daktari amesema ndugu wakitaka kuuchukua mguu wanaruhusiwa, wanaandika tu, wanafungiwa vizuri. Ndugu wengi hawaulizi.

Nikamwambia mdogo wangu. Nilimwambia kwa sauti yangu, polepole, mara mbili.

"Nani ataubeba?"

"Mwanao. Na mimi nitakuwepo kaburini."

"Utakuwepo wewe mwenyewe? Si utatuma mtu?"

"Mimi mwenyewe."

Pumzi moja ndefu. "Haya. Waambie wakate."

"Rudia."

"Wakate."

"Rudia tena."

"We dada umekuwa kiziwi? Wa. Ka. Te. Sijaweka kitu katikati."

Nikampa mjukuu simu, nikatoka nje. Wa bodaboda akaniuliza kama anaweza kuwasha mpira sasa. Nikamwambia washa. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka jua likaingia nyuma ya mwembe wa jirani, halafu nikaona kuwa nimekaa, nikasimama.

Walimkata asubuhi, chini ya goti. Siku ya tatu mwanawe alishuka Mpimbwe na kiboksi, ndani kuna mguu umefungwa sanda, na mimi nilikuwa nimeshafika toka jana yake. Walichimba vijana wawili wa ukoo, kashimo kafupi pembeni ya mama yetu. Hakuna aliyejua tuimbe nini. Mwanawe, anayejua maneno yote ya redio, alipiga magoti akakishusha kiboksi. Tukaimba beti mbili za wimbo wa Bikira Maria, tukafukia.

Simu ikalia. Kule kwetu mtandao ni wa kupanda kwenye kichuguu, nikapanda. Alikuwa mdogo wangu, wamemtoa nje barazani apate kupiga kwa simu ya nesi. Sauti dhaifu lakini ya ubishi ule ule.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Mmeusimamisha au mmeulaza?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Nikawaangalia wale vijana na majembe yao. "Tumeulaza," nikasema.

"Vizuri," akasema. "Umechoka kusimama."